Damu ya Askari Isitolewe kwa Amri

Kila ifikapo tarehe 14 mwezi wa Juni, ulimwengu huadhimisha Siku ya Wachangiaji Damu. Tarehe hiyo ilichaguliwa kwa kuwa ndiyo aliyozaliwa Karl Landsteiner, mwaka 1868, yule daktari wa Austria aliyeonyesha mwaka 1901 ya kwamba damu za wanadamu zina makundi mbalimbali. Siku hiyo, na siku nyingine nyingi za mwaka, askari wa jeshi na wa polisi hapa Uganda huonekana wamekunja mikono ya sare zao, wamelala juu ya vitanda vya turubai, wakitoa damu kwa ajili ya wagonjwa wasiowajua kwa sura wala kwa jina. Jambo hilo ni jema, na kila mwananchi mwenye haki hulisifu.

Lakini leo hatukushika kalamu ili kusifu. Twataka kusema juu ya jambo ambalo aghalabu halitajwi katika hotuba za siku hiyo, nalo ni usalama wa damu yenyewe, na wajibu wetu sisi tuvaao sare katika kuulinda usalama huo. Twalisema jambo hili tukijua ya kuwa baadhi ya ndugu zetu makamanda huenda wasipendezwe nalo. Hata hivyo, heri tusemezane sisi kwa sisi mapema kuliko kuja kulaumiwa na mama aliyempeleka mtoto hospitali akiwa na malaria, akarudi naye nyumbani akiwa na ugonjwa mwingine usiopona.

Kwanza yafaa tukumbuke damu hiyo huenda kwa nani. Wengi wetu tukisikia habari za damu, mawazo yetu hukimbilia kwa majeruhi wa vita. Ni kweli kwamba majeruhi huihitaji. Lakini Shirika la Afya Duniani laeleza kwamba katika nchi zenye kipato cha chini, zaidi ya nusu ya damu wanayotiwa wagonjwa hupewa watoto wenye umri chini ya miaka 5, nao wengi wao ni wale ambao malaria imewamaliza damu mwilini. Baada ya hao hufuata akina mama wanaotokwa na damu wakati wa kujifungua, kisha watu walioumia katika ajali za barabarani. Askari polisi wa usalama barabarani, ambao ndio hufika mwanzo mahali bodaboda na lori vimegongana, hawahitaji kuelezwa na mtu jinsi damu inavyomwagika upesi.

Kipimo ambacho kimezoeleka ni kwamba nchi ijitahidi kupata kila mwaka chupa za damu zisizopungua mtu 1 katika kila watu 100. Hesabu ya watu ya mwaka 2024 ilionyesha kwamba Uganda ina watu karibu milioni 46. Kwa hiyo zingehitajika chupa kama 460,000 kila mwaka. Kwa miaka mingi mzigo huo umebebwa kwa sehemu kubwa na wanafunzi wa shule za sekondari, hata ikawa shule zikifungwa, majokofu ya damu nayo huanza kubaki matupu. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa ajili ya ugonjwa wa Korona, upungufu huo ulionekana wazi. Ndiyo sababu watu wa Huduma ya Taifa ya Damu hupiga hodi katika makambi yetu. Sisi tuko wengi, tu vijana, tu wenye afya, na tunapatikana mahali pamoja. Wana haki ya kuja, nasi tuna wajibu wa kuwafungulia mlango.

Sasa na tuitazame safari ya chupa hiyo ikishatoka mkononi mwa askari. Haipelekwi moja kwa moja kwa mgonjwa. Hupelekwa katika benki ya damu, Nakasero au mojawapo ya benki za mikoa kama vile Gulu, Arua, Mbale, Mbarara na Fort Portal, na huko hupimwa magonjwa manne: UKIMWI, homa ya ini aina ya B, homa ya ini aina ya C, na kaswende. Matatu ya mwanzo huletwa na virusi. Damu ikionekana na dalili ya mojawapo ya magonjwa hayo hutupwa. Utaratibu huu haukuwako tangu zamani. Kipimo cha damu cha virusi vya UKIMWI kilianza kutumika duniani mwaka 1985, na virusi vya homa ya ini aina ya C havikutambuliwa mpaka mwaka 1989. Hapa kwetu benki ya Nakasero ilifufuliwa katika miaka ya mwisho ya themanini kwa msaada wa Jumuiya ya Ulaya, wakati nchi ilikuwa ndiyo kwanza inatoka katika vita, na UKIMWI umekwisha kuenea.

Kwa nini kazi hii iwe ngumu zaidi kwetu kuliko kwa mataifa yenye utajiri? Sababu ni nyingi, na kila askari aliyewahi kufanya kazi ya ghala atazielewa. Dawa za kupimia, ambazo wataalamu huziita vitendanishi, huagizwa kutoka ng'ambo kwa fedha za kigeni. Zikichelewa njiani, mashine nzuri hukaa kama bunduki isiyo na risasi. Nyingi za dawa hizo sharti zikae katika baridi; umeme ukikatika na jenereta ikakosa mafuta, huharibika bila ya mtu kuona kwa macho. Damu yenyewe haiwezi kuwekwa akiba kama mahindi, kwani hata katika jokofu zuri chupa ya kawaida hudumu siku 35 tu. Ziko hospitali za mbali ambazo, zikikabiliwa na mgonjwa anayekata roho usiku, hujikuta zikitumia vipimo vya haraka vya matone machache ya damu. Vipimo hivyo ni msaada mkubwa, lakini havina jicho kali kama mashine za benki ya damu, na tena matokeo yake hutegemea mkono na macho ya mtu aliyechoka.

Lakini tuseme dawa zipo, umeme upo, na mtaalamu yupo macho. Je, hatari imekwisha? La, haijaisha. Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu, nasi twamwomba msomaji apasome kwa utulivu.

Mtu akiingiwa na virusi leo, kipimo hakiwezi kuvigundua kesho. Vipimo vilivyo vingi hutafuta ama kingamwili, yaani askari ambao mwili huwaandikisha ili kupigana na adui, ama sehemu ya kirusi chenyewe. Mwili huhitaji muda wa kuandikisha askari hao, na kirusi nacho huhitaji muda wa kuzaana mpaka kifikie wingi wa kuonekana. Kwa virusi vya UKIMWI, kipimo cha kingamwili hungoja kiasi cha majuma matatu. Vipimo vya kisasa vimepunguza muda huo ukawa kidogo zaidi ya majuma mawili. Kwa homa ya ini aina ya B ngojeo hilo hupita mwezi mmoja, na kwa aina ya C, kipimo cha kingamwili peke yake huweza kungoja kiasi cha miezi miwili. Katika muda huo wote mtu hajisikii kuumwa, kipimo chasema yu safi, na damu yake yaambukiza. Ukubwa wa hatari waonekana katika hesabu hii: katika kila watu 100 waliotiwa damu yenye virusi vya UKIMWI, zaidi ya 90 huambukizwa.

Viko vipimo vingine vinavyotafuta mbegu ya kirusi yenyewe, ambavyo hupunguza ngojeo la UKIMWI likawa siku 11 hivi. Afrika ya Kusini ilianza mwaka 2005 kuipima hivyo kila chupa, moja moja. Lakini gharama yake ni kubwa, na hata penye fedha, siku hizo 11 hazifutiki. Hakuna mashine duniani, iwe ya tajiri au ya maskini, iwezayo kuona kila kitu.

Basi, ikiwa mashine ndiyo lindo la mwisho, lindo la kwanza ni lipi? Ni mdomo wa mtoaji. Kabla ya sindano, kila mtu huulizwa maswali: Umewahi kuugua manjano? Katika miezi ya karibuni umepata mwenzi mpya? Umechanjwa chale au kuchomwa sindano isiyo safi? Anayejibu kweli huambiwa kwa heshima asubiri, na pengine aje baada ya miezi kadhaa. Jibu hilo moja la kweli laweza kuziba ule mwanya ambao mashine ya mamilioni ya shilingi haiwezi kuuziba. Na jibu la uwongo laweza kuufungua wazi.

Historia imeonyesha ni watu gani wasioweza kujibu kweli. Nchini Uingereza, ripoti ya uchunguzi iliyotolewa mwezi wa Mei mwaka 2024 ilieleza kwamba zaidi ya watu 30,000 waliambukizwa UKIMWI na homa ya ini katika miaka ya sabini na themanini kwa sababu ya damu na dawa zilizotengenezwa kwa damu, na kwamba kiasi cha watu 3,000 kati yao wamekufa. Miongoni mwa makosa yaliyotajwa ni kutumia maji ya damu yaliyonunuliwa Marekani kwa watu waliolipwa, na kuendelea kuchukua damu magerezani. Anayelipwa huficha ukweli ili asikose fedha. Aliye kizuizini huuficha kwa kuogopa, au kwa kutumaini hisani ya bwana jela. Uingereza haikukosa umeme. Ilichokosa ni uangalifu juu ya hali ya mtu anayeulizwa swali.

Nasi tujiulize bila ya kujionea haya: je, askari aliyesimama katika safu, mbele ya mkuu wake, ana uhuru wa kujibu?

Tulipokuwa wanafunzi wa uofisa, asubuhi moja mara baada ya likizo fupi, tulitangaziwa katika gwaride kwamba kombania nzima itatoa damu. Mkufunzi wetu alikuwa mtu mwema, na nia yake ilikuwa njema. Alisema asiyetaka kutoa na apige hatua moja mbele, aeleze sababu. Mwenzetu mmoja alipiga hatua. Alisema, "Afande, sijisikii vizuri." Kicheko kilichozuka asubuhi ile twakisikia masikioni hata leo, na twakiri kwamba sauti yetu ilikuwamo. Tangu siku ile aliitwa Sindano, akaitwa hivyo mpaka tulipovalishwa vyeo.

Tulipofika mezani kwa muuguzi, tulisimama tumebanana, kila mmoja akisikia maswali ya aliye mbele yake. Wote, bila ya kubakiza mtu, tulijibu "Hapana" kwa kila swali. Usiku ule, katika hanga, kijana aliyelala jirani nasi alinong'ona kwamba yeye naye alitaka kupiga hatua. Siku kumi nyuma, katika likizo, alikuwa amelala na mwanamke waliyekutana naye safarini. "Lakini nilipoona mwenzetu alivyochekwa," alisema, "niliona heri niunyoshe mkono." Siku kumi! Wakati ule hatukujua maana ya siku hizo. Sasa twaijua. Miezi mitatu baadaye alikwenda kupimwa kwa hiari yake, akaonekana mzima. Twamshukuru Mungu. Hata hivyo usalama wa yule aliyetiwa chupa ile, awe mtoto au mzazi, uliletwa na bahati, wala haukuletwa na utaratibu wetu.

Wapo watakaosema kwamba jeshi bila ya amri si jeshi, na kwamba kijana akiruhusiwa kuchagua, wengi watachagua kulala. Hoja hiyo ina uzito, na hatuipuuzi. Amri ndiyo iliyotufanya tuwe kikosi badala ya kundi. Lakini amri ina mahali pake. Kamanda aweza kumwamuru askari ashike lindo. Hawezi kumwamuru awe hana virusi. Aweza kumwamuru afike mezani. Hawezi kuuamuru moyo wake useme kweli huku wenzake wamesimama nyuma yake. Damu iliyopatikana kwa amri huwa nyingi kwa hesabu, lakini kila chupa iliyotupwa baada ya kupimwa imekula mfuko, imekula vitendanishi na saa za mtaalamu, na ile iliyopenya bila ya kugunduliwa imekula maisha ya mtu. Kamanda anayejivunia chupa mia mbili na asiulize ngapi kati yake zilifaa, anahesabu risasi alizofyatua bila ya kutazama shabaha.

Tena, sisi askari tusidhani kwamba jambo hili ni la raia peke yao. Mwaka 1942 jeshi la Marekani liliwachanja askari wake dhidi ya homa ya manjano kwa dawa iliyochanganywa na maji ya damu ya binadamu. Damu hiyo ilitoka kwa watu walioonekana wazima. Kiasi cha askari 50,000 walilazwa hospitali kwa ugonjwa wa manjano, na baadaye wataalamu walikadiria kwamba walioambukizwa walifika 330,000. Ilikuja kuthibitishwa kwamba adui yule alikuwa homa ya ini aina ya B. Hapakuwa na risasi hata moja iliyofyatuliwa na adui katika msiba ule.

Na karibu zaidi na nyumbani, Rais wetu mwenyewe amesimulia mara nyingi jinsi mwaka 1986, katika mkutano wa Harare, Fidel Castro alivyomweleza kwamba kati ya maofisa 60 wa Uganda waliopelekwa Cuba kwa mafunzo, 18 walikutwa na virusi vya UKIMWI. Habari ile ilikuwa chungu, lakini ilisemwa, na kwa kuwa ilisemwa nchi iliamka. Jeshi letu lina urithi wa kusema ukweli juu ya damu. Tusiupoteze urithi huo kwa ajili ya kutaka kupendeza katika picha za tarehe 14 Juni.

Yafanyike nini, basi? Twapendekeza mambo manne, ambayo hayahitaji fedha za kigeni.

Kwanza, amri iishie katika kuwakusanya askari ili waelezwe. Aje mtaalamu, aeleze habari za lile ngojeo, kwa lugha ya Kiswahili ambayo kila askari aielewa. Baada ya hapo safu ivunjwe, na atakaye kutoa aende mwenyewe, kwa saa yake, bila ya orodha ya majina kubandikwa ukutani na bila ya kuahidiwa ruhusa ya kwenda nyumbani.

Pili, maswali yaulizwe faraghani, ndani ya hema au chumba, mtu mmoja kwa muuguzi mmoja. Aliyetoka humo bila ya kutolewa damu asiulizwe sababu na yeyote, awe koplo au kanali. Na anayemcheka aadhibiwe, kwa maana anavuruga ulinzi.

Tatu, mtu asiende kutoa damu kwa nia ya kujipima kwa siri. Hilo ni kosa linalofanywa na wengi kwa kuona haya. Zahanati za kambi zipo kwa kazi ya kupima, na anayekwenda huko hapotezi chupa ya mtu wala hamhatarishi mgonjwa.

Nne, kila kikosi kiwe na watoaji wake wa kudumu, wanaorudi kila baada ya miezi mitatu kwa wanaume na minne kwa wanawake, waliopimwa mara kwa mara, wanaojulikana makundi yao, na waliochanjwa dhidi ya homa ya ini aina ya B. Uchunguzi uliofanywa nchini katika miaka ya 2016 na 2017 ulionyesha kwamba watu 4 hivi katika kila watu wazima 100 wana virusi vya ugonjwa huo, na kinga yake ipo. Vijana waliozaliwa kabla ya mwaka 2002, ambapo chanjo hiyo ilianza kupewa watoto wachanga hapa Uganda, na wasiojua kama walichanjwa baadaye, yawapasa wakaulize. Watoaji wa kudumu ndio damu salama kuliko yote. Tena faida yake kwetu ni ya karibu mno, maana askari wetu hupelekwa mbali, kama walivyopelekwa Somalia kuanzia mwaka 2007, na huko yaweza kutokea saa ambapo majeruhi anakata roho, gari la wagonjwa halijafika, na damu pekee iliyopo ni ile iliyo katika mishipa ya wenzake. Saa hiyo si ya kuanza kuulizana maswali. Maswali yawe yamekwisha kuulizwa na kujibiwa kambini, kwa amani na kwa kweli.

Ndugu askari, twaapa kwamba tuko tayari kuimwaga damu yetu kwa ajili ya nchi. Kiapo hicho hakitudai tuimwage katika chupa tukiwa na shaka moyoni. Kumwambia muuguzi, "Leo siwezi, nitarudi," si woga. Ukiwa safi, toa, na urudi tena ukitoe kingine. Ukiwa na shaka, sema.

Nawe mwenzetu tuliyekuita Sindano, ikiwa wasoma ukurasa huu mahali ulipo sasa, wewe peke yako ndiye uliyekuwa macho katika lindo asubuhi ile. Sisi tuliocheka ndio tuliokuwa tumesinzia, nasi twakuomba radhi.